Mkitaka kufunga mwamba wa pweza, anzeni kujadili siku ya kuufungua

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, kijiji kimoja huku Kilwa. Kuna mradi umekuja unatushauri tufunge mwamba mmoja wa pweza miezi mitatu, asivue mtu. Wazee wengine wamekubali, wengine wanasema tukifunga sisi watakuja kuvua watu wa dago, wale wavuvi wa msimu kutoka nje. Akina mama ndo hawataki kabisa ila kwenye mkutano hawakusema kitu. Halafu kila mwaka wanakuja watafiti na madodoso, wanatuuliza nani anaamua nini, faini shilingi ngapi, mnakutana mara ngapi, wakimaliza wanaondoka. Na wewe najua kazi yako ni hiyo hiyo ya utawala wa bahari. Inatusaidia nini sisi? Na mwamba tufunge au tusifunge?

JIBU: Marahaba dada, na pole na ukatibu maana najua lawama zote za kijiji zinaishia kwako.

Nianze na mwamba kwa sababu ndo unaowabana sasa hivi, watafiti nitawafikia huko mbele. Jibu fupi ni fungeni, ila msifunge kabla hamjakubaliana siku ya kufungua itakuwaje, yaani nani anaingia, anaingia na kifaa gani, nani ananunua na kwa bei gani. Kama hayo hamjayamaliza afadhali mwamba ubaki wazi mwaka huu mkae mzungumze, maana nimeona vijiji vimefunga kwa shangwe, bendera, ngoma, picha na mkuu wa wilaya, halafu siku ya kufungua watu wametoka pale hawasalimiani, na ukija kuwaambia tena habari za kufunga hata mkutanoni hawaji.

Pweza mwenyewe wala hana tatizo. Yule mnayemchokoa mwambani haishi sana, mwaka mmoja na kitu basi, na anakua haraka ajabu, ukimuacha miezi miwili mitatu akiwa mdogo uzito wake unapanda mara kadhaa. Jike anataga mara moja tu kwenye maisha yake, anajifungia shimoni na mayai kama mwezi mzima hali kitu, makinda yakitoka na yeye anakufa. Na hayo makinda yanaelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla hayajatua kwenye mwamba, na mwamba wenyewe unaweza usiwe wa kwenu. Kwa hiyo mtu wa mradi akiwaambia mkifunga miezi mitatu pweza watazaana wajae, muulizeni vizuri, maana kikubwa mnachopata kwa muda huo mfupi ni uzito. Ambao siyo kitu kidogo, kwanza sheria ya uvuvi huku Bara inakataza pweza chini ya gramu 500 na sote tunajua wangapi wanapita dikoni, pale samaki wanaposhushwa, chini ya hapo.

Mfano ambao lazima wamewaonyesha ni wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar. Wavuvi wa kule wa kabila la Vezo walifunga mwamba wao mmoja mwaka 2004, majirani wakaona, wakaiga, ikasambaa pwani yote ile. Mwaka 2015 ukatoka utafiti uliopitia ufungaji 36 wa miaka minane, wakakuta mwezi wa kwanza baada ya kufungua pweza walioletwa nchi kavu waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na kila mvuvi kwa siku alipata karibu mara mbili ya kawaida yake. Hizo ni namba za kweli na ndo maana mtindo ukafika mpaka kwetu, Kisiwa Panza kule Pemba wamefanya, na Songosongo ni hapo hapo kwenu Kilwa, pandeni boti mkawaulize wenyewe badala ya kuangalia video ya mradi.

Lakini kuna kitu kingine kilitokea kule Madagascar mwanzoni ambacho kwenye video hakimo. Watu walijaa siku za kwanza za kufungua mpaka faida yote ikaisha ndani ya siku chache tu, na waliofaidi ni waliowahi.

Sasa ngoja nikueleze hiyo siku inavyokuwa, kwa sababu ukiijua ndo utajua cha kuandika kwenye mukhtasari wenu. Ni bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kukauka kuliko kawaida, na yanakauka kama saa nne asubuhi. Akina mama wamefika mapema na ndoo na vijiti vyao vya kuchokolea, wengine na watoto, wamesimama kwenye mchanga wanasubiri ruhusa, kiongozi bado anahutubia. Wakati anahutubia, vijana wenye miwani ya kuzamia na mikuki wameshazunguka na mashua kwa upande wa nje, upande wa maji mengi, na wao hawahitaji maji yakauke. Ruhusa inatoka, mama anatembea mpaka shimo lake la kwanza, yale mashimo anayoyajua tangu anafundishwa na bibi yake, anatia kijiti, hamna mtu. La pili hamna. Kijana amepita. Saa sita watu wanarudi na pweza wakubwa kweli kweli, wa kilo tatu na zaidi, kijiji kizima kinashangilia, halafu unafika kwenye mzani. Tajiri, yaani mnunuzi, ni mmoja, barafu aliyokuja nayo haitoshi, na pweza wote wa miezi mitatu wametoka asubuhi moja. Bei inashuka. Hakuna aliyemlazimisha mtu kuuza, ila utafanyaje na kilo kumi za pweza saa saba mchana na jua la Kilwa?

Pale hakuna sheria iliyovunjwa wala mwizi wala mtu wa dago, na bado wengine wametoka na kitu na wengine wametoka na uchovu. Mimi kazi yangu ndo hiyo sehemu, samaki wanapimwa na wenzangu.

Akina mama wako hawakusema mkutanoni. Kwangu hilo ndo jambo kubwa kuliko yote uliyoandika. Sikuwepo ila nadhani naweza kukuchorea huo mkutano: meza mbele, mwenyekiti, mtendaji, afisa uvuvi, mtu wa mradi na chati yake, wanaume kwenye mabenchi chini ya mwembe, akina mama nyuma kwenye mkeka na watoto. Mwishoni mtu akauliza, jamani kuna asiyekubali? Kimya. Katibu (samahani, ni wewe) akaandika "wajumbe wote wameridhia". Sasa nenda kawaulize wakiwa peke yao, wanasuka ukili au wanasubiri maji yakauke, usiende na mwenyekiti na usiende na fomu, na uwaulize swali moja tu, huo mwamba uliochaguliwa ni mwamba wa nani?

Nina hakika kiasi na jibu utakalopata. Mara nyingi mwamba unaochaguliwa ni ule wa karibu, unaofikika kwa miguu, kwa sababu ni rahisi kuulinda, mtu anakaa nyumbani anauona. Ni wazo zuri kwa doria, ila mwamba wa miguu ndo wa akina mama. Mwanamume mwenye miwani anaenda zake miamba ya nje miezi yote mitatu, hajapoteza kitu, siku ya kufungua anarudi ndani na kula wa kwanza. Mama amekaa miezi mitatu bila hela ya unga na sabuni, na siku ya mavuno anashindana na mtu anayezamia. Nani angekubali? Tena zamani uchokoaji ulikuwa wao kwa sehemu kubwa, wanaume walijazana baadaye, viwanda vya kusafirisha nje vilipoanza kununua na bei ikapanda.

Na hii siyo ya kwenu tu. Nyali, Mombasa, kuna utafiti wa mwaka 2015 ulioangalia uvuvi wa pale, ukipunguza nyavu za juya, zile za kukokota, nini kinatokea. Kwenye hesabu kila kitu kinaonekana kizuri, samaki wanaongezeka, faida ya uvuvi inapanda, mazingira yanapona. Kasoro moja tu, kulikuwa na mama karanga, wale akina mama wanaonunua vidagaa vya bei rahisi wanakaanga wanauza mtaani, na wao ndo waliopoteza, kwa sababu samaki wakubwa wanaenda kwa wafanyabiashara wakubwa, wao mtaji hawana. Mpaka walipowekwa mezani kwa majina ya kazi yao hakuna aliyekuwa amewahesabu. Utafiti mwingine wa mwaka 2012 uliangalia mipango 42 ya usimamizi wa pamoja kwenye nchi tano, Kenya na Tanzania zikiwemo, na kwa ujumla mambo yalikuwa mazuri, watu walisema wamefaidika, ila waliokuwa na uwezo tangu mwanzo walifaidika zaidi. Kwa hiyo ukisikia "jamii imefaidika", uliza jamii ipi, yenye mashine au yenye kijiti.

Vitu vya kufanya hapo vipo na siyo vya gharama. Msifunge eneo lote, Madagascar walikuwa wanafunga kama robo hivi ya eneo la kuvulia, mengine yako wazi, na nyinyi acheni mwamba mwingine wa miguu karibu. Siku ya kufungua, bamvua la kwanza liwe la watembea kwa miguu peke yao, wenye miwani na mashua waingie baadaye, na hilo liandikwe, lisiachwe kwa mazungumzo. Wanunuzi waiteni kabla, zaidi ya mmoja, bei isemwe hadharani na barafu ihesabiwe kabla mtu hajatia mguu majini. Kama mnaweza kufungua kwa zamu siyo siku moja, bora zaidi. Vijana watalalamika, waache walalamike sasa kuliko akina mama walalamike baadaye kimya kimya, maana kulalamika kimya kimya ndo kunakoua mpango, usiku mtu anaenda na tochi na jirani yake anamuona na anageuka upande wa pili.

Haya, watu wa dago. Wazee wana haki ya kuogopa ila nadhani wamewaogopa kwa namna isiyo sahihi. Dago siyo genge la wahuni, ni wavuvi wanaofuata msimu, wana viongozi wao, wana matajiri wao, na wengi wana mazoea ya miaka na kijiji, wameoa hapo, wanauza hapo. Mgeni ambaye hajaambiwa mpaka uko wapi huwezi kumwita mwizi. Wekeni maboya yanayoonekana, siyo chupa mbili za plastiki, chukueni alama za GPS mpeleke nakala kwa afisa uvuvi na kwa BMU za majirani, na muhimu zaidi waiteni majirani KABLA ya kufunga, muwaambie siku ya kufungua wataingia kwa masharti gani. Kijiji kinachofunga peke yake na kusema "wa kwetu tu" kinajitafutia vita, jirani anajiuliza kwa nini nichunge mali isiyonihusu, na yeye ana mashua na usiku ni mrefu.

Hapa nikuingizie nadharia kidogo, usichoke. Mwaka 1968 mwanasayansi mmoja Mmarekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba kitu cha wote lazima kitaharibiwa, kila mtu atavuta kwake mpaka kiishe, dawa ni serikali au mtu binafsi akimiliki. Serikali nyingi zilipenda sana hilo wazo, unaweza kuelewa kwa nini. Akaja mama mmoja, Elinor Ostrom, badala ya kubishana akaenda kuangalia watu halisi, wavuvi, wafugaji wa milimani, wakulima wanaogawana maji ya mifereji, na kitabu chake cha 1990 kikaonyesha kwamba kuna jamii zimetunza vitu vyao vya pamoja miaka mamia bila polisi. Mwaka 2009 akapewa Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Alikuta sehemu zinazodumu zina vitu fulani vinavyofanana, mipaka inajulikana, wanaotumia ndo wanaotunga sheria, walinzi wanawajibika kwa watumiaji, ugomvi una mahali pa kumalizwa haraka na kwa gharama ndogo, na serikali inawatambua.

Na kimoja ambacho nataka ukishike kwa sababu BMU nyingi zinakosea hapo: adhabu zinapanda ngazi. Nyinyi nadhani mmeandika faini moja kubwa, sijui laki mbili, kwa kila kosa. Siku atakapokamatwa mtoto wa dada yake mwenyekiti na pweza wawili kwenye kikapu, hakuna atakayetozwa laki mbili, kila mtu anajua, na ikishaachwa hiyo moja basi faini yote imekufa. Kosa la kwanza mtu aitwe, pweza wachukuliwe, jina lisomwe. La pili faini ndogo inayolipika. La tatu ndo kubwa na siku ya kufungua haingii. Mtu wa kijijini anaogopa kukosa siku ya kufungua kuliko anavyoogopa risiti.

Upande wa sheria, makubaliano ya BMU peke yake hayatoshi siku mkimfikisha mtu mbele. Yapelekeni yawe sheria ndogo ya kijiji, yaani yapite serikali ya kijiji, mkutano mkuu, yaende kata, halafu halmashauri wayapitishe. Inachosha na inachukua muda, najua, ila mkiwa nayo hata mgeni mwenye wakili mnaongea naye. (Wenzetu Zanzibar wana Kamati za Wavuvi za Shehia, Kenya BMU zao zina kanuni tangu 2007, njia tofauti kidogo ila shida ile ile ya karatasi.)

Kingine, mafuta ya doria. Sasa hivi ananunua mradi, sawa, mradi ukiisha? Kateni kiasi kidogo kwa kila kilo siku ya kufungua, kiwekwe kwenye mfuko wa doria, na daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano, kilo ngapi, shilingi ngapi, zimetumikaje. Mfuko wa pamoja unakufa kwa tetesi hata kabla hela haijaibiwa.

Na someni mnachosaini. Desemba 2022 kule Montreal nchi za dunia zilikubaliana kulinda asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, kwa hiyo miradi itakuja mingi na kila mmoja anatafuta hekta za kuripoti. Hakuna ubaya, ila mwamba wenu wa miezi mitatu usije ukaandikwa mahali kama hifadhi ya kudumu. Eneo la kudumu ni mjadala mwingine kabisa. Kuruwitu kule Kilifi, Kenya, wavuvi wenyewe walitenga kama hekta 30 katikati ya miaka ya 2000, wakavumilia, matumbawe na samaki vikarudi, mwaka 2017 wakapata tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ni mfano mzuri sana, lakini walichagua wenyewe na walijua wanachagua nini. Mafia Hifadhi ya Bahari ilianzishwa 1995, kilomita za mraba 822, na watu wanaishi ndani yake, na ukisoma tafiti za miaka iliyofuata ugomvi mwingi unahusu mipaka iliwekwa na nani na hela za watalii zinaenda wapi, samaki wako mbali kwenye orodha. Mkitaka siku moja kwenda huko kwenye kudumu nendeni, ila msipelekwe usingizini.

Sasa watafiti. Nikiuliza mnakutana mara ngapi na faini shilingi ngapi, nakuwa natafuta hayo hayo niliyoyaeleza hapo juu, ni kwa nini kijiji hiki makubaliano yameshika na kile cha jirani, bahari ile ile, wameshindwa. Bila hayo maswali hakuna ambaye angejua habari za mama karanga. Lakini una haki ya kuchoka, maana data zinaondoka na majibu hayarudi, na hilo ni deni letu. Kwa hiyo msiwakatae, wawekeeni masharti. Waonyeshe kibali cha COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, na barua ya halmashauri. Wahoji akina mama peke yao na mhoji awe mwanamke. Kabla hawajaondoka wasome mbele ya mkutano walichokikuta, kwa Kiswahili, hata kama ni cha awali. Na wawape nyinyi kitu mnachokihitaji, kwa mfano mwanafunzi wa chuo mwenye mzani anaweza kukaa dikoni mwezi kabla ya kufunga na mwezi baada ya kufungua akaandika kilo za kila mtu, wa miguu na wa miwani tofauti, mkapata ushahidi wenu wenyewe badala ya kubishana na namba za Madagascar.

La mwisho ni tarehe, watu wanalisahau. Msifunge miezi ambayo bahari imechafuka na kusi na hela hakuna kabisa, wala msiache Januari ya ada na madaftari ya shule iangukie katikati. Angalieni kalenda ya mwezi, kama inawezekana, na mwaka ambao haigongani na hiyo Januari, fungueni bamvua la Nisfu Shaaban, hela iingie kabla ya Ramadhani, watu hawajaanza kufunga saumu na wana nguvu za kutembea mwambani. Hesabuni miezi mitatu kurudi nyuma mjue mnafunga lini, mkipata tarehe na rasimu ya hiyo sheria ndogo nitumie niipitie, hasa kipengele cha nani anaingia bamvua la kwanza.